Duara Moja Badala ya Matatu

Msomaji, ukishika njia ya Bofa kutoka mji wa Kilifi kwenda kaskazini, bahari ikiwa mkono wako wa kulia nyuma ya minazi na kuta za nyumba za wageni, hutakwenda mbali kabla hujapitwa na baiskeli. Itakuwa imebeba mitungi ya maji, au mzigo wa makuti, au mtoto wa shule aliyekaa juu ya keria na kumshika babaye kiunoni. Sikiliza inapokupita. Nyingine hupita kimya kama paka. Nyingine hulia kwa kila mzunguko wa pedali, kra, kra, kama mtu anayetafuna mfupa. Ukitazama karibu na mguu wa mpandaji utaona kwamba ile ya kimya, nyeusi, ya umbo la kizamani, ina duara moja tu la meno mbele. Ile inayolia aghalabu ni mtumba uliotoka ng'ambo. Ina maduara matatu, na mawili kati yake hayajaguswa na mnyororo kwa miaka mingi.

Insha hii ni habari ya maduara hayo: jinsi yalivyokuwa moja, yakawa mawili, yakawa matatu, na jinsi watu wa nchi tajiri na mafundi wa chini ya miti yetu walivyoamua, kila mmoja kwa sababu zake, kurudi kwenye moja. Katika habari hiyo mna ushindani, ubishi, kiburi na majuto. Majuto mengine ni yangu mwenyewe, nami sitayaficha zamu yake itakapofika.

Kwanza tupatane juu ya majina. Pedali zimefungwa kwenye mikono miwili ya chuma, na mikono hiyo huzungusha duara la meno. Mnyororo, ambao mafundi huuita cheni, hutoka kwenye duara hilo ukaenda kukamata kigurudumu kidogo cha meno katikati ya gurudumu la nyuma. Gawanya idadi ya meno ya mbele kwa idadi ya meno ya nyuma, nawe utajua gurudumu litazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa pedali. Ikiwa mbele ni meno 44 na nyuma ni 18, jawabu ni 2.44. Gurudumu la inchi 28 lina mzingo wa karibu meta 2.2, basi kila mzunguko wa pedali hukusogeza meta 5 na zaidi kidogo. Hesabu hii ndiyo gia. Gia kubwa hukupeleka mbali lakini hukudai nguvu. Gia ndogo hukupeleka karibu lakini huyahurumia magoti. Hapana gia iwezayo kutoa yote mawili, na kila jambo nitakalokusimulia limezaliwa na upungufu huo mmoja.

Baiskeli ya kwanza haikuwa na duara wala mnyororo. Mwaka 1817, Mjerumani Karl von Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili, mpandaji akakisukuma kwa kupiga hatua ardhini kama mtu anayekimbia huku amekaa. Katika miaka ya 1860, mafundi wa Paris walifunga pedali kwenye gurudumu la mbele lenyewe. Hapo mzunguko mmoja wa pedali ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu, bila kuongeza wala kupunguza. Aliyetaka kwenda mbali kwa kila mzunguko hakuwa na njia ila kulikuza gurudumu. Likakuzwa, likakuzwa tena, hata miaka ya 1870 likawa na kimo cha kifua cha mtu mzima. Mwisho wa kukua kwake uliwekwa na urefu wa mguu wa binadamu, na aliyeanguka kutoka juu yake alitangulia kwa kichwa.

Mnyororo ndio uliowaokoa watu na hatari hiyo. Mwaka 1880, Hans Renold, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Manchester, alibuni mnyororo wa vipipa vidogo vinavyozunguka, ambao haukulika upesi kama ile iliyoutangulia. Miaka mitano baadaye, mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry alionyesha baiskeli aliyoiita Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, pedali katikati, na mnyororo wa kwenda nyuma. Sasa gurudumu halikuhitaji kuwa kubwa. Meno yalifanya kazi ya ukubwa. Mwaka 1888, John Boyd Dunlop akiwa Belfast alipata hataza ya tairi ya upepo, na umbo la baiskeli likatimia. Baiskeli nyeusi inayokupita kimya pale Bofa ni mjukuu wa Rover, na babu yake akifufuka leo angemtambua bila kuulizwa.

Lakini Rover ilikuwa na gia moja, na dunia ina milima. Hapo mafundi wa Ulaya wakagawanyika. Waingereza waliificha gia ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Kampuni ya Sturmey-Archer ilianzishwa mwaka 1902 katika mji wa Nottingham, chini ya Raleigh, na kitovu chake kilikuwa na gia tatu zilizofungiwa ndani pamoja na grisi yake, mbali na mvua na mchanga. Mbele lilibaki duara moja. Wafaransa nao walipenda kuuhamisha mnyororo wenyewe kutoka kwenye meno haya kwenda kwenye meno yale. Mtetezi wao mkuu alikuwa Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, mhariri wa gazeti la waendesha baiskeli. Katika majaribio ya mwanzo mpandaji alishuka chini, akauinua mnyororo kwa vidole, akauweka kwenye meno mengine, akapanda tena. Baadaye kikapatikana chombo cha kuusukuma mnyororo ungali unazunguka. Kwa ufupi nitakiita kihamishi.

Usidhani kihamishi kilipokewa kwa vigelegele. Henri Desgrange, mwanzilishi wa mashindano ya kuizunguka Ufaransa yaliyoanza mwaka 1903, aliona kwamba gia nyingi zawafaa watu waliopita umri wa miaka 45, na kwamba kijana mwenye nguvu ashinde kwa misuli yake. Kwa zaidi ya miaka thelathini washindani wake walipanda milima ya Alpi kwa baiskeli zenye kigurudumu kimoja cha meno upande huu wa gurudumu la nyuma na kingine upande wa pili. Walipofika chini ya mlima walishuka, wakalifungua gurudumu, wakaligeuza, wakaendelea. Kihamishi kiliruhusiwa mwaka 1937, na mwaka huo huo Mfaransa Roger Lapébie akashinda akiwa nacho. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba Desgrange hakuwa mjinga. Aliogopa kwamba chombo kikimsaidia mtu, hatutajua tena nani amshukuru nani. Wazo hilo halina aibu, ila vijana wenyewe waliokuwa wakigeuza magurudumu kwenye baridi ya milimani hawakuulizwa.

Baada ya hapo maduara ya mbele yakaanza kuongezeka, na sababu yake ni nyepesi. Nyuma palikuwa na nafasi ya vigurudumu vinne au vitano tu. Lakini ukiweka maduara mawili mbele, gia tano huwa kumi. Ukiweka matatu, huwa kumi na tano. Waendao mashindanoni wakazoea mawili. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, jimbo la California huko Marekani, walianza kuteremka milima ya kwao kwa baiskeli nzito za kale zenye tairi nene, na walipotaka kupanda tena bila kusukuma wakahitaji gia ndogo sana. Wakachukua maduara matatu. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized iliuza baiskeli ya milima iliyoitwa Stumpjumper, yenye gia 15. Kabla ya karne kwisha, kila duka la mijini lilikuwa na baiskeli ya aina hiyo, na juu ya fremu pamebandikwa karatasi yenye kujisifu: gia 21.

Hebu tuikague sifa hiyo kwa kalamu. Chukua baiskeli ya kawaida yenye maduara ya meno 48, 38 na 28 mbele, na nyuma vigurudumu saba kuanzia meno 14 hadi 28. Gawanya 48 kwa 24: jawabu ni 2. Gawanya 28 kwa 14: jawabu ni 2. Muuzaji amekuhesabia gia moja mara mbili. Nyingine zinakaribiana hata mguu hauwezi kuzitofautisha. Nyingine hazitumiki kwa salama, kwa sababu mnyororo hupita mshazari kutoka duara la nje mbele hadi kigurudumu cha ndani kabisa nyuma, ukajisugua na kulika. Ukiondoa zinazorudiwa na zinazodhuru, 21 hupungua sana.

Wakati hayo yakitendeka ng'ambo, Afrika Mashariki ilibaki na duara moja. Baiskeli za Uingereza zilizoletwa zama za ukoloni, kisha zile za Uhindi na za Uchina zilizofuata umbo lilo hilo, na ambazo Kenya nzima huziita Black Mamba, zimebeba chumvi, kahawa, wagonjwa, maharusi na majeneza. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, tangu miaka ya 1960 vijana waliwapakia abiria nyuma yao kuwavusha kutoka mpaka hadi mpaka, na kutoka hapo likazaliwa jina la boda boda, ambalo leo hata pikipiki zimelirithi. Mtu aliyefunga mitungi minne ya maji, kila mmoja lita 20, ana kilo 80 nyuma yake kabla hajajipima mwenyewe. Kwake duara moja, mnyororo mmoja mnene na fundi katika kila kijiji vina thamani kuliko gia ishirini. Mzigo ukimshinda, hushuka akasukuma. Gia ya pili ya Black Mamba ni miguu ya mwenyewe chini.

Labda utasema kwamba pwani yetu ni tambarare, basi gia za nini? Wasema hivyo kwa sababu hujapanda baiskeli kutoka Bofa kwenda mjini mwezi wa Juni. Mlima wetu ni upepo. Kusi hukupiga usoni njia nzima, na mlima huu hauna kilele ambapo utapumzika uanze kuteremka. Mchanga nao ni mlima wa pili: gurudumu huzama, mguu hukaza, na mtu mwenye gia moja kubwa husimama palepale kama aliyeshikwa kwa nyuma. Ndiyo maana mitumba yenye gia ilipoanza kufika Kilifi na Malindi iliwapendeza watu, nami nikiwa mmoja wao.

Hewa ya chumvi, hata hivyo, haikupendezwa nayo. Waya wa gia hushika kutu ndani ya ganda lake usiweze kusogea. Cha kwanza kufa ni kihamishi cha mbele, maana kimekaa mahali ambapo tairi ya nyuma hukirushia tope na mchanga mchana kutwa. Kikisha kufa, mnyororo hubaki kwenye duara lolote ulilokuwapo siku hiyo. Hapo mwenye baiskeli huenda kwa fundi, na fundi humwambia: tutoe mawili, tubaki na moja.

Mimi nilifika kwa fundi kama huyo mwaka 2014. Nilikuwa mwalimu mpya, mwaka mmoja tu tangu kutoka chuoni, na baiskeli yangu ya mtumba ilikuwa na maduara ya 48, 38 na 28 kama ya mfano wangu. Fundi, mzee wa makamo aliyefanya kazi chini ya mwarobaini kando ya njia ya Bofa, aliipindua, akaizungusha pedali, akasikiliza.

"Mwalimu," akasema, "nikuachie la kati."

"Hapana, mzee wangu," nikamjibu. "Niachie kubwa. Nataka mwendo."

"Bofa hakuna mlima, mwanangu, lakini kuna mchanga."

Nikamweleza hesabu ya gia, ambayo aliijua kwa mikono yake kabla sijazaliwa. Alinisikiliza kwa adabu. Akachukua patasi, akakata ribiti zilizoyashikamanisha maduara, akaondoa mawili, akalifunga lile kubwa kwa bolti. Alipotaka kukiacha kihamishi cha mbele mahali pake, bila waya, nilimzuia. Nilimwambia kwamba chuma kisicho na kazi ni mzigo. "Kiache kilinde cheni," akasema. Nikacheka, nacho kikatolewa. Siku ile nilirudi nyumbani mwepesi kama ndege, nikiwapita wote.

Ilipofika Novemba, siku ya kwanza ya mtihani wa darasa la nane, mtahiniwa wetu mmoja hakuonekana. Mtihani wa hesabu ulikuwa uanze saa mbili na nusu. Ilipata saa moja na robo mwalimu mkuu aliponituma, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na baiskeli ya mbio. Nilimkuta kijana kwao, kilomita tano hivi kutoka shuleni, amechomwa na msumari mguuni, anajikokota uani akiwa amevaa sare yake tayari. Nikampandisha kwenye keria tukaondoka.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa na mabonde mabonde. Kwenye bonde la kwanza lenye maji mnyororo ulichomoka. Nikaurudisha. Tulipofika penye mchanga nilitafuta gia ndogo, nisiipate. Yangu ndogo kabisa ilikuwa 48 kwa 28, na mimi na kijana tulikuwa wawili. Nikakanyaga kwa nguvu, mnyororo ukachomoka tena. Mara ya tatu ulijibana kati ya duara na fremu, ukapinda jino moja, ukakataa kutoka. Nilimsukuma kijana juu ya baiskeli iliyokufa, nikikimbia, mikono imejaa grisi, hata tukafika saa tatu kasoro dakika tano. Msimamizi alimruhusu kuingia. Alikuwa amepoteza dakika 25, na kwenye ukosi wa shati lake jeupe palikuwa na alama ya kidole changu gumba, nyeusi.

Kijana huyo alikwenda sekondari, lakini si ile aliyoichagua. Siku ya matokeo alinipigia simu kunishukuru kwa kumfikisha. Nilimjibu kwa maneno mazuri. Simu ilipokatika sikuweza kula.

Nilichukua muda kuelewa nilikosea wapi, na ni vizuri nawe uelewe, kwa sababu kosa langu limo katika historia yote iliyofuata. Meno ya baiskeli yenye maduara matatu hayakuchongwa kuushika mnyororo, yalichongwa kuuachia. Fikiri. Duara linalopaswa kuupokea mnyororo na kuuaga mara nyingi kwa siku haliwezi kuung'ang'ania. Kwa hiyo meno yake hufanywa mafupi, na mengine huchongwa ubavuni ili mnyororo upande na kushuka bila kukwama. Kinachouzuia usitoke usipotakiwa ni kihamishi cha mbele, kwa vibati vyake viwili vilivyousimamia kulia na kushoto. Chombo kile kilikuwa na kazi mbili. Ya kuhamisha ilikufa kwa kutu, na kila mtu aliiona ikifa. Ya kulinda ilikuwa hai, haikuonekana na mtu yeyote ila fundi, nami nikamlipa aitupe.

Tazama sasa jinsi wahandisi wa ng'ambo walivyokutana na tatizo lilo hilo. Katika miaka ya 1990, wateremkaji wa milima walitumia duara moja mbele, lakini walifunga vibati na vigurudumu maalumu vya kuulinda mnyororo. Wengine wakapunguza kutoka matatu kuwa mawili. Kisha mwaka 2012 kampuni ya Kimarekani SRAM ikatoa mtambo ulioitwa XX1, wenye duara moja mbele na vigurudumu 11 nyuma, bila kihamishi cha mbele kabisa. Kazi yake ya ulinzi iligawiwa wengine. Kwanza meno yenyewe: ukiutazama mnyororo utaona kwamba nafasi zake hupokezana, moja pana, moja nyembamba. Wakachonga meno yapokezane vivyo hivyo, moja nene, moja jembamba, kila jino likijaza nafasi yake. (Sasa nijibu, msomaji: kwa nini duara la namna hiyo lazima liwe na idadi ya meno iliyo shufwa?) Pili, kihamishi cha nyuma kilitiwa kizuizi cha kukiminya kisiyumbe ovyo njia ikiwa mbovu, ili mnyororo usilegee, kampuni ya Shimano ya Japani ilikuwa imekitia kizuizi cha aina hiyo mwaka 2011. Tatu, upana wa gia uliopotea mbele ulirudishwa nyuma: kigurudumu kidogo kilikuwa na meno 10 na kikubwa 42.

Linganisha. Baiskeli yangu ya maduara matatu ilikuwa na gia kubwa iliyozidi ndogo kabisa mara 3.4. Nilipobaki na duara moja, uwiano huo ulishuka ukawa 2. Mtambo wa mwaka 2012 ulikuwa na duara moja, na uwiano wake ni 4.2. Mwaka 2016 yakaja meno 10 hadi 50, na uwiano ukawa 5. Mtu akizitazama kwa mbali, baiskeli yangu na ile ya mwaka 2012 zilifanana: duara moja mbele, hapana kihamishi. Kwangu kitu kilitolewa tu. Kwao kilitolewa baada ya kila kazi yake kupewa mwenyewe.

Nao hawakupewa bure. Vigurudumu vya nyuma vya namna hiyo ni ghali; bei ya seti moja nzuri humnunulia mtu wa Kilifi Black Mamba nzima. Hatua kutoka gia hadi gia ni ndefu zaidi, na washindani wa barabarani, wanaotaka mguu wao uzunguke kwa mwendo ule ule saa tano mfululizo, wengi wao hadi leo hawajaliacha duara la pili. Tarehe 27 Mei 2023, katika mashindano ya Italia, Primož Roglič wa Slovenia alichagua duara moja kwa ajili ya kupanda Monte Lussari, mlima mkali kupita kiasi. Katikati ya mlima mnyororo wake ulichomoka. Dunia nzima ilimwona akisimama, akiurudisha kwa mkono, akisukumwa aanze tena. Aliishinda siku hiyo, na mashindano yote akayashinda kwa sekunde 14. Nilipoiona picha ile nilitazama vidole vyangu.

Hapa kwetu kuna jibu jingine ambalo halikufuata njia hiyo. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, ambayo mawimbi yake yalifika hata Malindi, F. K. Day, mmoja wa waanzilishi wa ile kampuni ya SRAM, pamoja na mkewe Leah Missbach Day, walianzisha mwaka 2005 shirika la World Bicycle Relief. Baiskeli yao iitwayo Buffalo, ambayo huunganishwa pia Kisumu, ilikuwa ya gia moja, nzito na ngumu kuvunjika. Katika miaka hii ya 2020 wametoa ya gia mbili, nayo haina waya wala kihamishi. Ina minyororo miwili, kila mmoja na meno yake mbele na nyuma. Mpandaji akirudisha pedali nyuma kidogo, kazi huhama kutoka mnyororo huu kwenda ule. Tazama maajabu: watu wale wale waliowauzia matajiri duara moja waliona kwamba anayebeba maziwa kwenye njia ya vumbi anahitaji mawili. Swali lao la kwanza lilikuwa nani atakayeipanda na nani atakayeitengeneza ikiharibika.

Fundi wa Bofa alikuwa akiuliza hivyo kila siku. Wiki moja baada ya mtihani ule nilimrudia. Aliitazama baiskeli, akanitazama, asiseme neno. Kwenye tawi la mwarobaini palikuwa na waya, na kwenye waya alikuwa ametundika duara langu la kati pamoja na kihamishi. Akavitungua. Alilifunga duara la meno 38, ambalo limekaa sawa na katikati ya vigurudumu vya nyuma, hata mnyororo haupiti mshazari sana. Akaukata mnyororo vipingili kadhaa kwa kuwa duara lilikuwa limepungua. Akakirudisha kihamishi bila waya, akazikaza skrubu zake mbili hata vibati vikasimama wima kandokando ya mnyororo, visiuguse, visiuache utoke. Nyuma akanitafutia vigurudumu vilivyotumika, kikubwa chake kikiwa na meno 34, na kazi yote ilikwisha kabla ya adhuhuri.

Baiskeli hiyo ningali naipanda. Hupita Bofa bila kelele kubwa, na kusi ikivuma hushuka hadi gia ya 38 kwa 34 nikaenda polepole kama mzee, nikipitwa na vijana. Mzee bado yupo chini ya mwarobaini wake, ila sasa mwanawe ndiye ashikaye patasi. Maduara makubwa yaliyotolewa huning'inia kwenye ule waya, yakigongana upepo ukija. Nilipopita mara ya mwisho niliyahesabu yakawa 19. Moja ni langu. Hulitambua kwa lile jino lililopinda.